Siku sita kutoka oNdini hadi Isandlwana, Januari 1879

Njia hii, katika KwaZulu-Natal ya Afrika Kusini ya leo, ina urefu wa kama kilomita 80. Inaanzia oNdini, mji mkuu wa mfalme, katika bonde la Mahlabathini, ulipo mji wa Ulundi siku hizi, inavuka mto White Mfolozi, inapanda nyanda zilizo karibu na mlima Babanango, kisha inaishia chini ya kilima cha Isandlwana. Jeshi la Wazulu la Mfalme Cetshwayo kaMpande liliipita kwa siku sita, watu wapatao 20,000, na asubuhi ya siku ya sita Waingereza waliovamia nchi yake walikuwa bado hawajui liko wapi.

Wengi hueleza ushindi wa Isandlwana kwa neno moja: wingi. Hilo halitoshi. Miezi miwili baadaye, huko Khambula, Wazulu walikuwa na wingi uleule na bunduki nzuri kuliko mwanzo, tena za kuteka, na wakapigwa vibaya. Mila zao zilikuwa zilezile pia. Kwa hiyo swali la kubeba njiani si kama mila za Wazulu zilifaa vitani au hazikufaa. Swali ni wapi zilifaa, saa ngapi, na adui alizijua kiasi gani.

Kabla ya kuondoka: zizi la kwaNodwengu, boma la mfalme bondeni

Kila kijana wa Kizulu alianza utumishi akiwa bado mtoto. Akiwa na miaka kumi na kitu alikuwa udibi, mchukuzi wa mkeka na kibuyu cha baba yake au kaka yake jeshini. Baadaye alipelekwa kwenye ikhanda, yaani boma la mfalme, akachunga ng'ombe wa mfalme na kunywa maziwa moja kwa moja kwenye chuchu. Rika lake likishatosha, mfalme alilipa jina na kulifanya ibutho, kikosi cha rika moja. Tangu hapo ngao yake ilitoka ghalani kwa mfalme, ya ngozi ya ng'ombe wa mfalme, kwa rangi iliyopangiwa ibutho lake. Ngao haikuwa mali yake.

Kuoa nako kulikuwa mkononi mwa mfalme. Ibutho zima liliruhusiwa kuoa kwa pamoja, mara nyingi watu wakiwa na miaka 35 na kuendelea, na hapo ndipo walipovaa isicoco, pete inayoshonewa kwenye nywele za utosi. Mwanamume asiyeoa hana mji wake, na asiye na mji wake nguvu zake zote ni za mfalme. Huu ndio mhimili wa jeshi lote. Waingereza waliujua: masharti waliyowasomea wajumbe wa Cetshwayo kwenye kivuko cha chini cha mto Thukela tarehe 11 Desemba 1878 yalidai amabutho (wingi wa ibutho) yavunjwe na kila mwanamume aoe atakapo. Walipewa siku 30. Hakuna mfalme ambaye angekubali hayo akabaki mfalme.

Mfumo huu una mambo mawili ya kuyashika mapema. La kwanza, mtu alipigana akiwa kati ya watu aliokua nao tangu utotoni, waliomwona akichapwa, akicheza na akijigamba. Kukimbia mbele ya hao kulikuwa kugumu kuliko kuukabili mkuki. La pili, amabutho yalishindana, na ushindani huo haukuwa mchezo. Katika sherehe ya malimbuko ya mwaka uliotangulia, vijana wa iNgobamakhosi na watu wazima wa uThulwana, ambalo Cetshwayo mwenyewe alikuwa mmoja wao, waligombana wakauana, watu wapatao 60. Chanzo kilihusu nani atangulie kwenye lango, na nyuma yake kulikuwa na chuki ya wasichana walioamriwa kuolewa na wazee. Ndiyo maana Januari 1879 watu waliitwa waje na silaha za vita peke yake, mapambo ya sherehe yaachwe nyumbani.

17 Januari: dawa, majigambo, na hatua za kwanza

Kuliganga jeshi ni kazi ya siku nyingi, na mpangilio wake ni wa lazima. Kwanza kutapika: watu huitwa wachache wachache kwenye shimo refu, hunywa dawa kwenye chombo cha mganga wa vita na kutapika humo. Kwa maelfu ya watu kazi hiyo huchukua mchana kutwa, na wa mwisho huwa wameshinda na njaa. Kisha ng'ombe dume mweusi hukamatwa na ibutho la vijana na kuuawa kwa mikono mitupu, bila mkuki. Nyama yake hukatwa vipande virefu, huchomwa, hupakwa unga wa dawa na kurushwa juu katikati ya watu. Unaidaka, unang'ata, unamrushia mwenzako. Kipande kikianguka chini hakiliwi. Mwisho watu hunyunyiziwa dawa, na kuanzia hapo ni mwiko kulala na mwanamke. Mtu aliyegangwa amekwisha kutoka katika maisha ya kawaida, na harudi humo mpaka agangwe tena. Sharti hili la kurudi ndilo litakaloamua mambo ya tarehe 23.

Baada ya dawa, mfalme aliita amabutho mawili mawili zizini. Safari hii walioitwa ni uKhandempemvu, ambao pia huitwa umCijo, na iNgobamakhosi. Mtu mmoja anaruka mbele, anacheza na ngao yake, anamtaja kwa jina mtu wa upande wa pili na kumwambia kwamba atamtangulia kumchoma adui. Akishindwa, atatoa ng'ombe wa baba yake, au hata dada yake. Mali hiyo haikudaiwa kamwe. Kilichodaiwa ni jina, kwa kuwa vita vikiisha mfalme aliwaita tena wote wawili kwenye zizi lilelile na kuuliza nani alitangulia. Aliyeonekana shujaa aliruhusiwa kuvaa iziqu, mkufu wa vipande vya mti uliochongwa. Mwoga alipewa nyama iliyochovywa kwenye maji baridi, mbele ya watu.

Jeshi liliondoka alasiri. Amri za mfalme kwa makamanda wawili, Ntshingwayo kaMahole wa ukoo wa Khoza, mzee wa karibu miaka 70 aliyetembea kwa miguu njia nzima, na Mavumengwana kaNdlela wa ukoo wa Ntuli, zilikuwa wazi: tembeeni polepole msichoke, pigeni mchana. Kesho yake watu kama 4,000 walichepuka kwenda pwani chini ya Godide kaNdlela kukabiliana na safu ya Pearson, kikosi cha Waingereza kilichoingia upande huo. Usiku wa kwanza jeshi lililala ng'ambo ya White Mfolozi. Hatua ya kwanza ilikuwa fupi, na ilifaa iwe fupi, kwa watu waliotoka kutapika na kufunga.

18 Januari: White Mfolozi hadi boma la isiPhezi, kama kilomita 15

Kuna hekaya kwamba Wazulu walikimbia kilomita 80 kwa siku moja kisha wakapigana. Siku hii inaikanusha. Walitembea kilomita 15 na kupumzika.

Chakula cha siku mbili za kwanza kilitoka nyumbani. Wadibi walibeba mikeka, mito ya mbao ya kulalia, vibuyu na mahindi. Wasichana walifuata na pombe na uji. Siku ya pili ikiisha, akiba hiyo imekwisha, na wasichana wanarudi. Kutoka hapo jeshi linakula ng'ombe wanaoswagwa pamoja nalo, na chochote kilichopo kwenye miji ya njiani, ikiwemo miji ya Wazulu wenyewe. Ndiyo sababu amakhanda, maboma ya mfalme, yalijengwa kwenye njia kuu: ni ghala na malazi, na kila moja liliongeza siku moja kabla njaa haijaanza kuuma.

Mtu akitaka kulilinganisha jeshi hili na la adui, aangalie miguu ya ng'ombe. Safu ya kati ya Waingereza ilivuka mto Mzinyathi, mpaka wa koloni lao la Natal, pale Rorke's Drift tarehe 11 Januari. Ilikuwa na magari na mikokoteni zaidi ya 300. Ng'ombe wa kukokota anahitaji saa 8 za malisho na saa 8 za kupumzika kwa siku. Ukimnyima anakufa, na gari linabaki topeni. Mvua zilikuwa zimeharibu njia. Kutoka Rorke's Drift hadi Isandlwana ni kilomita 16 hivi, na kambi haikusimama hapo mpaka tarehe 20. Siku tisa kwa kilomita 16.

19 Januari: safu mbili, kuelekea Babanango

Hapa jeshi liligawanyika katika safu mbili zilizokwenda sambamba, na likalala uwandani huku Babanango ikionekana upande wa magharibi. Sababu ni hesabu rahisi. Watu 20,000 wakienda wanne wanne, kwa nafasi ya mita moja na nusu kati ya mstari na mstari, mkia wao ni wa kilomita saba na nusu. Wa nyuma hukuta maji yametibuliwa, nyasi zimelala, na miji imeshakombwa. Zaidi ya hayo, kichwa kikishambuliwa mkia unafika saa mbili baadaye. Safu mbili hupunguza tatizo hilo kwa nusu, lakini huhitaji viongozi wanaoelewana bila kuonana.

Ndani ya kila safu amabutho yalikwenda kwa mpangilio ambao hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila ibutho lilijua pembe yake. Umbo la vita ni la ng'ombe: kifua katikati, pembe mbili za vijana wenye mbio, na nyuma ya kifua akiba ya watu wazima. Pembe huzunguka, kifua humshika adui asiondoke, akiba huketi mpaka itakapohitajika.

Msomaji wa Songea atalitambua umbo hili. Zwangendaba hakuwa Mzulu. Alizikimbia vita za Shaka akiwa na watu wake wa ukoo wa Jere, akavuka Zambezi Novemba 1835 siku ya kupatwa kwa jua, na warithi wa msafara huo ndio waliofika Ufipa, na baadaye Njelu na Mshope kusini mwa Tanzania. Kilichovuka nao ni mpango wa rika: mateka waliingizwa katika vikosi vya vijana wenzao, na baada ya kizazi kimoja wakawa Wangoni. Wahehe wa Munyigumba walijifunza kwa kupigana nao. Mpango huu husafiri kwa sababu hautegemei kabila la mtu. Unahitaji ng'ombe, mfalme, na vijana wanaokubali kusubiri.

20 Januari: hadi mlima Siphezi

Hatua ya wazi, nchi ya nyasi isiyo na miti. Usiku walilala karibu na mlima Siphezi, ambao si boma la isiPhezi la tarehe 18. Siku hiyohiyo Waingereza walipiga mahema chini ya Isandlwana, kiasi cha kilomita 20 magharibi. Hawakuchimba handaki wala kuyapanga magari duara. Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, aliona ardhi ni ya mawe, magari yatahitajika kurudi kuchukua mizigo, na kambi ni ya muda tu. Hizo ni sababu za kweli, lakini chini yake kulikuwa na imani kwamba Wazulu watakwepa na kazi itakuwa kuwatafuta. Upande huo nao ulikuwa na mila zake, na hii ndiyo iliyowaponza.

21 Januari: vikundi vidogo, hadi korongo la Ngwebeni

Siku ya kazi nzuri kuliko zote za safari hii. Kutoka Siphezi hadi bonde la mto Ngwebeni, nyuma ya mlima Mabaso, jeshi halikwenda kwa safu. Liligawanywa vikundi vidogo vidogo vikafuata mabonde, huku wapelelezi wa Zibhebhu kaMaphitha wakitanda mbele na pembeni kama pazia. Doria ya farasi ya Waingereza iliyokwenda kuikagua Siphezi ilikutana na wapelelezi hao na kurudishwa nyuma. Kusini zaidi, kwenye vilima vya Hlazakazi, askari wa Major Dartnell walikutana na Wazulu wengine jioni, wakadhani wamelipata jeshi lenyewe, wakaomba msaada.

Usiku ule bondeni kulikuwa na maelfu ya watu, kilomita kama 8 kutoka kambi ya adui. Hakuna moto. Hakuna wimbo. Nyama haikupikwa. Januari ni majira ya mvua huko, na usiku wa nyanda za juu ni wa baridi. Kuwanyamazisha watu wengi kiasi hicho kwa usiku mzima ni jambo ambalo majeshi yenye mshahara na mahakama za kijeshi hushindwa. Hapa lililowezesha ni inhlonipho, ile heshima ya mdogo kwa mkubwa inayomfanya mtu ateremshe sauti mbele ya wakubwa wake. Mtu aliyelelewa hivyo tangu akiwa mchunga ng'ombe haambiwi mara mbili anyamaze.

Tarehe 22 haikuwa siku ya kupigana. Mwezi ulikuwa umekufa, wa mpya haujaandama, na siku kama hiyo ni ya nuksi. Makamanda walikusudia kupiga tarehe 23.

22 Januari: Isandlwana

Kabla ya mapambazuko Chelmsford alitoka kambini na karibu nusu ya jeshi lake kumfuata Dartnell kusini-mashariki, akimwachia Lieutenant-Colonel Pulleine kambi. Waliobaki, pamoja na watu wa Colonel Durnford waliofika kama saa nne na nusu asubuhi, ni 1,700 na zaidi kidogo, Waafrika wa Natal wakiwa karibu nusu. Mizinga ilikuwa miwili.

Njaa ndiyo iliyofichua siri. Baadhi ya Wazulu walikuwa wametoka bondeni asubuhi kutafuta mahindi na ng'ombe. Yapata adhuhuri, askari wa farasi wa Lieutenant Raw waliwafukuza watu wachache waliokuwa wakiswaga ng'ombe, wakafika ukingo wa korongo, wakatazama chini. Bonde lote lilikuwa limejaa watu wameketi kimya.

Raw akafyatua, na uKhandempemvu, waliokuwa karibu zaidi, wakainuka bila amri. iNgobamakhosi walipowaona wenzao wameinuka hawakuweza kukaa. Wakafuata uVe, uMbonambi, uNokhenke. Ntshingwayo na Mavumengwana hawakuweza kuwarudisha. Walichoweza ni kuwashika watu wazima, uThulwana, iNdlondlo, iNdluyengwe na uDloko, wakawaketisha duara na kuwapa dawa kwa utaratibu. Kwa jeshi lolote lingine huo ungekuwa mwanzo wa vurugu. Ajabu ni kwamba amabutho yaliyoondoka mbio bila amri yalijipanga yenyewe yakiwa yanakimbia: uNokhenke kulia, uKhandempemvu kifuani, iNgobamakhosi na uVe kushoto. Ushindani uliwainua kabla ya wakati, na mazoea ya miaka mingi yakawapa umbo. Mambo hayo mawili yametoka katika malezi yaleyale.

Wazulu hawakuja wamesongamana. Walikuja wametawanyika, wameinama, ngao ubavuni. Wakaanguka kwenye nyasi na kuinuka tena. Walipoona watu wa mizinga wanajitenga na mdomo wa mzinga walijua unataka kulipuka, wakalala. Wengi walibeba ngao ndogo ya umbumbuluzo, kama mita moja, ambayo Cetshwayo aliieneza miaka ya 1850 kwa sababu ile kubwa ya zamani inamchosha mtu mwenye mbio. Mkononi iklwa, mkuki mfupi wa kuchoma. Bunduki walikuwa nazo nyingi, ila za zamani, baruti mbovu, na wengi walipiga juu ya vichwa vya watu.

Hata hivyo bunduki za Martini-Henry zilikisimamisha kifua. Chini ya ukingo wa iNyoni, uKhandempemvu walilala kwenye makorongo madogo na hawakuinuka. Kila aliyeinuka aliangushwa. Makamanda waliona hayo kutoka juu kwenye majabali. Mkhosana kaMvundlana, induna (kiongozi) wa ukoo wa Biyela, akateremka mbio hadi kwao, akawakumbusha sifa ya mfalme, ile inayomwita kijitawi cha majani kilichozima moto, na kuwaambia kwamba mfalme hakuwaagiza walale. Wakainuka. Yeye alipigwa risasi ya kichwa palepale.

Upande wa kushoto iNgobamakhosi nao walikuwa wamelazwa na watu wa Durnford waliojikinga kwenye korongo. Huko nako kilichowainua hakikuwa amri. Mtu mmoja wao, Sikizane kaNomageje, aliwauliza walisema nini kwa uKhandempemvu kule zizini, na kuwaonyesha wenzao wakiingia mahemani. Neno la tarehe 17 lililipwa tarehe 22, chini ya risasi.

Wakati huo watu wa Durnford walikuwa wanaishiwa risasi, na magari yao yenye akiba hayakuwa yamefika mikononi mwao. Walipopanda farasi kurudi, ubavu wa kulia wa Waingereza ukabaki wazi. Pembe ya kulia ilikuwa imezunguka nyuma ya mlima na kuifunga njia ya Rorke's Drift. Yapata saa nane na nusu mchana jua lilipatwa, sehemu yake, na vita vilikuwa vinaishia kwenye ukosi wa kilima. Waliouawa upande wa Uingereza ni zaidi ya 1,300. Wazungu waliookoka hawakufika 60. Wazulu walipoteza watu wasiopungua 1,000, na waliojeruhiwa kwa risasi ile nzito wengi walikufa njiani au nyumbani. uMbonambi ndio waliotambuliwa kuwa wa kwanza kuingia kambini.

Leo marundo ya mawe yaliyopakwa chokaa yanaonyesha walipozikwa askari wa Uingereza. Kumbukumbu ya Wazulu ni mkufu mkubwa wa shaba wa iziqu, uliowekwa 1999. Anayepita asimame hapo muda mrefu kuliko kwenye mawe, maana mkufu huo unaeleza walichokuwa wanakifuata.

Jioni ya 22: Rorke's Drift

Akiba, watu 3,000 na zaidi, ilikata njia ya wakimbizi lakini haikupata vita yenyewe. Wengi walikuwa waume wenye isicoco, wa miaka 40 na kitu. Vijana waliowacheka kwenye lango mwaka jana sasa wamechovya mikuki. Wao wanarudi na mikuki mikavu. Cetshwayo hakutaka jeshi livuke kwenda Natal, alitaka dunia ione anajitetea kwake. Dabulamanzi kaMpande, nduguye mfalme, hakuwa kamanda aliyeteuliwa, lakini alikuwa mtoto wa mfalme, na alipovuka Mzinyathi walimfuata.

Walikuta askari kama 150, wagonjwa wakiwemo, nyuma ya ukuta wa magunia ya mahindi na makasha ya biskuti. Gunia lile lilikuwa na uzito wa kilo 90 hivi, na risasi hailipiti. Ukuta wa kufika kifuani unamnyima mwenye iklwa kitu anachokihitaji kuliko vyote, yaani hatua mbili za mwisho. Tena hapakuwa na uwanja wa kuzungushia pembe. Walishambulia tangu saa kumi na nusu jioni hadi karibu alfajiri, hawajala siku nzima. Maiti 351 za Wazulu zilizikwa hapo, na nyingine zilipatikana baadaye. Waliokufa ndani ya ukuta ni 17. Wazulu wa akiba walipofika kwao walizomewa.

23 Januari: kutawanyika

Siku hii ndiyo Waingereza wa Natal waliyoiogopa. Chelmsford alikuwa amelala kati ya maiti na kuondoka alfajiri. Njia ya Natal ilikuwa wazi. Hakuna aliyeishika.

Aliyemuua mtu vitani ana kazi. Lazima ampasue marehemu tumbo, roho itoke, la sivyo naye atavimba kama maiti. Lazima avue kitu katika nguo za marehemu na kukivaa mpaka atakasike. Hawezi kurudi kwa mkewe wala kula na watu wake mpaka afanyiwe dawa. Waingereza waliokuta askari wao wamepasuliwa matumbo waliita unyama. Kwa aliyetenda ilikuwa heshima kwa maiti na kinga kwake. Wenye majeruhi waliwabeba. Wenye ng'ombe wa kuteka waliwaswaga. Wafu walifunikwa ngao zao au kulazwa kwenye mashimo ya nafaka. Isitoshe, mahindi mashambani yalikuwa yanakaribia kuvunwa, na askari hawa hawakuwa na mshahara wala jiko la jeshi.

Wengi hawakupita kabisa kwa mfalme kuripoti. Walikwenda kwao moja kwa moja, na Cetshwayo alilalamika sana. Karibu bunduki 1,000 za Martini-Henry zilikwenda nao, kila moja kwa aliyeiokota, hazikuwekwa ghala moja wala kugawiwa upya. Jeshi halikukusanyika tena mpaka nusu ya pili ya Machi. Kwa wiki nane hizo meli zilikuwa njiani kutoka Uingereza na vikosi vipya.

24 hadi 29 Machi: Khambula

Safari ya pili ilielekea kaskazini-magharibi, chini ya Mnyamana Buthelezi, watu wapatao 20,000. Mfalme aliwakataza waziwazi wasishambulie watu waliojichimbia. Wawapite, wawatoe nje kwa kutishia ng'ombe na mashamba ya nyuma yao. Amri ilikuwa sahihi kabisa.

Colonel Evelyn Wood alikuwa na watu 2,000 na kidogo, magari yamefungwa kwa minyororo, na ngome ya udongo juu ya kilima. Tena alielewa anapigana na nani. Saa saba na nusu mchana aliwatuma askari wa farasi wa Buller watoke, wafike umbali wa risasi mbele ya pembe ya kulia, wafyatue, warudi polepole. Pembe hiyo ilikuwa iNgobamakhosi. Wakainuka na kuwafukuza hadi chini ya mizinga, peke yao, wakati pembe ya kushoto ilikuwa bado inahangaika kwenye tope la bonde la kusini, na kifua hakijafika. Walitaka waonekane wametangulia, kama Isandlwana. Safari hii hapakuwa na kifua cha kumshika adui wala pembe ya pili ya kumzunguka. Kila upande ulifika kwa zamu yake, na Wood akahamishia moto wake kwa kila mmoja kwa zamu hiyohiyo, kwa saa nne. Karibu na kambi zilihesabiwa maiti 785. Jioni farasi wa Buller waliwafuata waliochoka kwa kilomita nyingi, na wengi zaidi waliuawa humo. Waingereza waliokufa hawakufika 30.